Hatua ya Sitini na Saba

Gunia likifika kutoka Marui huwa silifungui mara moja. Naliweka kwanza kivulini, karibu na vitalu vyangu vya miche, nalizunguka zunguka kama mtu anayemtazama mgeni aliyelala. Harufu inatangulia yenyewe. Hata korosho zikaushwe vipi, hapakosi bibo moja au mawili yaliyosahaulika humo ndani, yamenywea, yamechacha, yananukia ule utamu unaokaribia kuwa pombe. Harufu hiyo ikinifika puani, mimi si muuza miche wa pembeni mwa barabara hapa Kibaha tena. Nina miaka kumi na minne, nimevaa sketi ya shule likizoni kwa sababu ndiyo nguo yangu nzuri kuliko zote, nimesimama katikati ya mihogo ya Bibi nikihesabu hatua, na ninakaribia kufanya jambo la aibu.

Wa rika langu mtaikumbuka karatasi ya grafu. Ile miraba midogo ya rangi hafifu, midogo mpaka ukiitazama sana macho yanacheza. Mimi niliipenda kabla hata sijajua kazi yake. Tulikuwa tunaishi mimi na mama katika chumba kimoja hapa hapa Kibaha, mama akifanya kazi kwenye mabanda ya kuku ya mtu, na daftari zangu zote zilinukia pumba. Karatasi ya grafu peke yake nilikuwa naifunga kwenye mfuko wa nailoni ili ibaki na harufu yake ya dukani.

Mwalimu wetu wa hesabu kidato cha kwanza alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene. Siku moja aliingia darasani na uzi wa kushonea magunia. Akamsimamisha mwanafunzi mmoja mlangoni na mwingine dirishani, akawapa kila mmoja ncha yake.

"Nikiwa na nukta moja tu, naweza kupitisha mistari mingapi hapo?"

"Mingi!"

"Nikiwa na mbili?"

Tukautazama ule uzi uliokazwa. "Mmoja!"

"Mmoja tu. Na huo mmoja una jina lake. Jina lake ndilo mlinganyo. Ukishalijua jina lake, unaupata popote unapopita, hata pale ambapo uzi haufiki na macho yako hayaoni."

Jamani, sisi ni watu wa Pwani. Mtoto wa kwetu ukimwambia kuna kitu hakionekani, kina jina, na ukilijua jina unakipata popote, ujue umemwambia habari nyingine kabisa. Wenzangu waliandika kwenye daftari. Mimi nilisisimka mikono. Nikatoka pale nikiamini kwamba mlinganyo ni amri. Kwamba ukiutamka, mstari unajitokeza na ardhi inatii, na mtu yeyote mwenye kubisha atanyamaza. Imani hiyo nilitembea nayo muhula mzima, kimyakimya, kama mtu mwenye hirizi.

Tulipofunga shule Desemba, mwalimu akatupa kazi ya likizo. "Kila mmoja aniletee mstari mmoja wa kwao. Nukta mbili za kweli, si za kubuni kitandani. Nitajua."

Nikapelekwa Marui, Kisarawe, kwa bibi mzaa mama, kama kila likizo. Nilimkuta uani anaanika korosho kwenye jamvi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekonda hivyo? Hao kuku wanakula wao, nyie hamli?"

Hivyo ndivyo alivyoniita maisha yake yote, mke mwenza, eti tumeolewa na babu mmoja. Babu mwenyewe alikwishafariki kabla sijaanza kutembea, lakini Bibi alinionea wivu vilevile. Nikila sana anasema mume wetu atafilisika. Ila safari hiyo utani wake ulikuwa mfupi. Hata chakula cha kwanza hatujamaliza, jirani akapiga hodi, Mzee Kibwana, na mkononi ana shoka.

Mzee Kibwana alikuwa mrefu, mkavu, na miguu yake ilianzia mbali sana. Alimwita Bibi shemeji kwa sababu babu yangu alikuwa kama kaka yake.

"Shemeji, nimekuja kistaarabu. Jumamosi naukata."

"Unaukata mti wa nani?"

"Wangu. Uko kwangu. Kivuli chake kinaniua muhogo mistari mitatu."

"Uko kwako tangu lini, Kibwana? Tangu uote hiyo miguu ya korongo?"

Niwaeleze ugomvi wenyewe, maana bila hapo hamtanielewa. Mpaka wa shamba la Bibi na la Mzee Kibwana ulikuwa safu ya minyaa, ile miti ya utomvu mweupe tuliyokatazwa kuichezea isije ikatuharibu macho. Kiangazi cha mwaka uliotangulia, moto wa mtu aliyekuwa akisafisha shamba lake ulimponyoka ukapita ukila minyaa yote. Ulibaki mmoja tu, huku juu karibu na barabara. Na kule chini bondeni likabaki jiwe kubwa jeupe ambalo wote wawili walikubali kwamba ndilo mwisho wa mpaka. Katikati hapakuwa na kitu. Na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulima mahali pasipojulikana ni pa nani, upupu ukapata kwao. Ukaota, ukatanda, ukaning'iniza makaka yake yenye manyoya ya kuwasha. Asiyejua upupu amuulize mtu aliyewahi kuupitia na kaptula.

Ndani ya upupu huo ulisimama mkorosho. Enzi za minyaa ulimezwa na ile safu, kila mmoja akiokota korosho za upande wake na kuuita mti wake.

Kwetu shamba linapimwa kwa hatua. Eka moja ni hatua sabini kwa sabini, kila mtu anajua, na hakuna anayeuliza ni hatua za nani. Mzee Kibwana alikuwa amehesabu sabini zake kuanzia upande wake, na kwa miguu ile akaupita mkorosho bila hata kuchoka. Bibi alikuwa mfupi lakini si mjinga. Alimwita mjomba mmoja kutoka kijiji cha pili, mtu aliyekuwa akiinama kuingia kila mlango, akamhesabisha yeye kutoka upande wetu, na sabini zake nazo zikaupita mkorosho kwa kule. Balozi wa nyumba kumi alipokuja kuamua akahesabu kwa miguu yake mwenyewe, akapata mpaka wa tatu. Akasema ana wageni nyumbani, akaondoka.

Kamba nayo isingesaidia. Ungeifunga kwenye mnyaa, ungefika wapi? Upupu unakusubiri, na kabla ya bonde ardhi imevimba kiasi kwamba ukisimama kwenye mnyaa hulioni jiwe.

Mzee Kibwana alipoondoka na shoka lake, Bibi alinishika mkono akanipitisha kwenye kijinjia alichokuwa amekifyeka mwenyewe ndani ya upupu mpaka kwenye shina. Chini palikuwa pamejaa mabibo, mekundu na ya njano, mengine yamepasuka, nyuki wamelewa. Akanionyesha kovu refu kwenye gome, usawa wa kifua chake.

"Unaliona? Panga la babu yako hilo. Alilitia kabla hajanioa. Mtu anatia alama kwenye mti wa jirani?"

"Hatii, Bibi."

"Na hapa," akagusa ardhi kwa mguu, "ndipo alipozaliwa mama yako. Nilikuwa naokota korosho, nikasema niokote hizi mbili za mwisho. Nikaokota na mtoto."

Alicheka, halafu akaacha kucheka ghafla. Sijawahi kumuona Bibi hivyo. Alikuwa mtu wa kutukana na kusahau, lakini pale aliegemeza kiganja kwenye kovu kama anayempima mtu homa. Ndipo nikajua zamu yangu imefika. Mimi nilikuwa na nukta mbili za kweli. Nilikuwa na karatasi ya grafu ndani ya mfuko wa nailoni.

Kesho yake nikaanza. Kwenye kona ambapo kijia cha kwenda kisimani kinakutana na barabara palikuwa na jiwe la kunolea panga, nikalifanya sifuri. Barabara ikawa eksi. Kijia cha kisimani, ambacho kilinyooka kama kimepigwa rula, kikawa wai. Nikitaka kujua kitu kiko wapi, nashuka na kijia nikihesabu hatua, kisha naweka kona ya daftari chini nipate pembe mraba, nakata kulia katikati ya mihogo nikihesabu tena. Mnyaa ukatoka sitini kwenda kulia, kumi kushuka. Jiwe la bondeni, ambalo nilizunguka kwa chini kulifikia, likatoka sabini na mbili kulia, sabini kushuka.

Bibi alileta kigoda akakaa kunitazama kama watu wanavyotazama mpira.

Nikaandika. Kutoka mnyaa hadi jiwe, unaongeza hatua kumi na mbili kulia, unashuka sitini. Sitini gawanya kwa kumi na mbili, tano. Yaani kila hatua moja ya kulia, mpaka unashuka hatua tano. Huo ndio mwinamo wake. Sasa, mnyaa uko sitini. Sitini mara tano ni mia tatu, lakini mnyaa wenyewe umeshuka kumi tu. Basi lazima kupunguza mia mbili na tisini. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikapigia mstari mara mbili:

y = 5x − 290

Nikajaribu na jiwe. Sabini na mbili mara tano, mia tatu sitini, toa mia mbili tisini, sabini. Imekubali! Nilipiga kelele, Bibi naye akapiga kigelegele bila kujua cha nini.

Ukabaki mkorosho. Ulikuwa umeshuka hatua arobaini na tano kutoka barabarani, hiyo niliihesabu kwa uaminifu wote. Nikauliza mlinganyo wangu: ukishuka arobaini na tano, mpaka uko wapi? Arobaini na tano jumlisha mia mbili tisini, mia tatu thelathini na tano. Gawanya kwa tano, sitini na saba. Basi mambo yalikuwa mepesi. Nikianza kwenye kijia nikahesabu kuelekea kwenye mti, nikiufikia kabla ya sitini na saba, ni wa Bibi. Nikizidisha, ni wa Mzee Kibwana, na Jumamosi ataukata.

Kosa langu ni kwamba nilikwisha kulijua jibu ninalolitaka kabla sijanyanyua mguu.

Hatua hamsini za kwanza zilikuwa za kawaida. Nilipofika hamsini nikainua macho, nikauona mti. Mbona uko mbali? Nikatazama nyuma, Bibi kigodani ananipungia kanga. Hamsini na moja nikaivuta kidogo. Hamsini na mbili nikaivuta zaidi. Kuanzia pale ni Mungu tu anajua nilivyotembea. Nilifika kwenye shina nikiwa nimetamka sitini na tatu, mapaja yananiuma.

"Bibi! Ni wako! Kwa hatua nne!"

Bibi alikimbia. Mwanamke wa umri ule, kwenye matuta ya mihogo, alikimbia.

Jioni hiyo alinishika mkono tukaenda kwa Mzee Kibwana. Nilidhani atabisha, na nilitamani abishe, maana mtu akibisha unapata hasira ya kujitetea. Hakubisha. Alikaa kwenye mkeka akanisikiliza mwanzo mpaka mwisho, mnyaa, jiwe, mwinamo, sitini na saba. Akaomba daftari. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza. Hakuwa akijua kusoma, lakini aliutazama ule mlinganyo muda mrefu.

"Hii ndiyo inasema?"

"Ndiyo, babu."

"Nami nikienda kwa mtu mwingine aliyesoma, itamwambia hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

"Basi." Akanirudishia. "Sisi tunapima kwa miguu, na miguu ina ubinafsi. Hii haina. Shemeji, mti ni wako. Shoka nalirudisha juu."

Asubuhi tukakuta nje ya mlango wetu kapu la mihogo mibichi, ile myeupe ya kutafuna. Mjukuu wake aliyeileta akasema, "Babu kasema ya mwalimu mdogo."

Nilijaribu kuila. Nikairudisha kapuni.

Siku mbili nilizozurura na siri ile zilikuwa ndefu kuliko muhula. Mlinganyo wangu ulikuwa palepale kwenye daftari, safi, hauna kosa hata moja, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilikuwa nimeamini ukiutamka ardhi itatii. Kumbe unakutii wewe unayeulisha. Ukiulisha uongo, unautoa uongo umevaa nguo nzuri. Nikikutana na Mzee Kibwana njiani ananitangulia kunisalimu, "Mwalimu, hujambo," mtu wa umri wake, nami nasahau hata kumwamkia.

Alhamisi Bibi alikuwa anatwanga kisamvu. Nikaenda nikasimama upande wa pili wa kinu.

"Bibi, nilivuta hatua."

Mchi haukusimama. "Ulivuta nini?"

"Hatua. Za kwenye mkorosho. Niliona sitafika mapema, nikazirefusha. Sijui mti uko wapi kweli. Nadhani ni wake."

Tu. Tu. Tu. Mchi uliendelea. Nilitazama jasho likimtiririka shingoni.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mimi na wewe."

"Mimi na wewe," akarudia, akaendelea kutwanga.

Nilifahamu, au nilidhani nimefahamu. Tutanyamaza. Tutakula korosho za mti ule wawili, na tutanyamaza. Sijui kama nilipata ahueni au ndiyo nilizidi kuzama. Kisamvu kilikwisha kulainika, akawa anatwanga maji. Halafu akausimamisha mchi ndani ya kinu, akachukua kanga yake ya kutokea, akajifunga.

"Twende."

"Wapi, Bibi?"

"Unaniuliza wapi, mshenzi wewe? Mama yako kazaliwa chini ya ule mti. Mbele za watu nasema kazaliwa shambani kwetu. Unataka niseme kazaliwa kwenye mali ya wizi?"

Njia nzima alinitukana. Alinitukana mimi, mwalimu wangu, shule nzima na aliyevumbua karatasi. Lakini mkono wangu hakuuachia.

Mzee Kibwana alinisikiliza tena mwanzo mpaka mwisho, safari hii nikilia. Nilipomaliza alisimama, na nilimuona alivyokuwa mrefu.

"Kwa hiyo nimelirudisha shoka kwa karatasi ya uongo."

"Karatasi ni ya kweli, babu. Mimi ndiye..."

"Nyamaza." Akamgeukia Bibi. "Shemeji, kesho asubuhi tunapima upya. Kwa kamba. Na ukitoka wangu, sisubiri Jumamosi."

Bibi alifungua mdomo, nikajua sasa zinakuja zile za miguu ya korongo. Hazikuja.

"Ukitoka wako," akasema, sauti imekuwa ndogo, "uukate."

Asubuhi Mzee Kibwana alikuja na kamba ya katani ya mbuzi wake, na shoka. Alinisimamisha kwenye uwanja uliofagiwa. "Tembea. Si kama mwizi wala kama bibi harusi. Tembea kama unapokwenda dukani." Nikatembea hatua ishirini, yeye nyuma yangu anaweka alama kwa kisigino, halafu tukafunga mafundo kwenye kamba, hatua moja fundo moja, mafundo ishirini. Sasa kamba ina ncha mbili, na mimi nilitakiwa kuhesabu. Ikabidi ncha moja ashike Bibi, nyingine Mzee Kibwana, watu ambao tangu moto ule hawakuwa wamekaa mahali pamoja bila kurushiana maneno.

"Vuta basi, Kibwana! Au nguvu zote zimeishia kwenye miguu?"

"Legeza kwanza, shemeji. Unavuta kama unamtoa ng'ombe shimoni."

"Fundo lako limelala chini."

"Limelala kwa sababu wewe ni mfupi. Inua mkono."

"Nikiinua mkono kanga inadondoka, utafurahi?"

Niliwasikia wakicheka, kidogo, kila mmoja akijificha na mwenzake. Mimi sikuweza kucheka. Mnyaa ulirudi vilevile, sitini kulia, kumi kushuka. Jiwe likarudi vilevile, sabini na mbili kulia, sabini kushuka. Kijia kikatushusha arobaini na tano. Tukakata kulia kuelekea mkorosho. Ishirini. Arobaini. Sitini. Kwenye sitini Mzee Kibwana alibaki ameshika ncha, Bibi akapita mbele na ncha yake, kamba ikalala ubavuni mwa shina, nami nikapiga magoti nikaanza kugusa fundo moja moja kwa kidole. La kwanza. La pili. Shoka lilikuwa limeegemezwa kwenye mhogo, naliona kwa pembe ya jicho. La tano. La sita. La saba.

Fundo la saba lilikaa katikati kabisa ya unene wa shina.

"Vipi?" akauliza Bibi.

Nikafanya hesabu mchangani kwa kijiti, kisha nikaifuta, nikaifanya tena. Sitini na saba mara tano, mia tatu thelathini na tano. Toa mia mbili na tisini. Arobaini na tano.

"Wewe mtoto, mti uko upande gani?"

"Hauna upande," nikasema. "Uko kwenye mstari wenyewe. Mnyaa, mti, jiwe. Vyote vitatu ni mpaka."

Mzee Kibwana aliiachia kamba. Akauendea mti, akatazama kovu la upande wetu, akapitisha kidole. "Hili ndilo kovu lako unalolisema kila siku?"

"Ndilo. Panga la mume wangu."

"Mbona baba yangu naye aliniambia kaweka alama? Naiona kila siku, upande wangu."

Wakatazamana. Miezi yote hiyo kila mmoja alikuja kwa kijia chake, akasimama upande wake, akaona kovu moja. Hakuna aliyewahi kuuzunguka mti, kwanza kwa sababu ya minyaa, kisha ya upupu. Bibi akakusanya kanga, akaingia. Mzee Kibwana akamfuata akipiga kelele, "Shemeji, upupu huo! Shemeji!" Nami nikawafuata. Na kule nyuma, usawa wa kovu la kwetu, palikuwa na lingine, limepanuka na umri, linaelekea shamba la Mzee Kibwana. Ilikuwa desturi ya wazee wao, akasema yeye mwenyewe akiwa anajikuna shingo: mti wa mpaka unatiwa panga na wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, siku moja.

"Nami nilitaka kuukata," akasema.

"Nami nilitaka kukuibia," akasema Bibi.

Tulijikuna mpaka jioni. Tulipakana majivu, watatu tumekaa uani kwa Bibi kama wagonjwa wa surua, weupe mpaka nyusi, na kila mtu aliyepita njiani alisimama kuuliza. Mzee Kibwana hakumwambia hata mmoja wao kuhusu hatua nilizovuta. Alisema tu, "Tulikuwa tunapima." Mpaka leo hajamwambia mtu. Mimi ndiye ninayewaambia.

Niliporudi shule mwalimu aliweka vema kwenye mlinganyo wangu, akauliza nukta ya tatu ni ya nini. Nikasema ni ya kuhakikisha. Akaniongezea alama moja. Kidato cha nne hesabu nilipata F, sitawaficha. Mambo yalikuwa mengi na mimi nilikuwa nimeshika moja tu. Lakini mstari wa nukta mbili naujua. Kila asubuhi hapa kitaluni nachomeka vijiti viwili, nakaza uzi, napanga viriba vyangu vya miche, na siku hiyo hakuna anayenishinda. Nina ndoto ya eka yangu Magindu au hata Soga, mikorosho mitupu, safu zilizonyooka. Sabini kwa sabini, nitapima kwa kamba.

Bibi hayupo tena. Alinipokea nikiwa mwongo, akanitukana njia nzima bila kuniachia mkono, na sijui kama nilimshukuru ipasavyo. Nadhani nilidhani kuna muda. Mzee Kibwana yupo, macho yamepungua, na kila msimu anaokota pande zote mbili za mti. Nusu yake anaiweka. Nusu nyingine anaipakia kwenye gari, kisha anampa mjukuu simu ampigie mtu mmoja hapa Kibaha. "Mwalimu," ananiambia, "sehemu ya shemeji imeshapanda." Mara zote mdomo wa gunia umefungwa kwa kipande cha kamba ya katani. Nahesabu mafundo kabla ya kufungua.

Wiki iliyopita alisimama mama mmoja, akachagua miche sita ya mikorosho, ile iliyonenepa. Akauliza mbegu yake nimeitoa wapi.

"Marui," nikamwambia. "Sitini na saba, arobaini na tano."

"Hiyo ndiyo nafasi ya kupandia?"

"Hapana, mama," nikasema, huku nikimfungia miche yake vizuri isilale njiani. "Ndipo mti wenyewe uliposimama."